Haikuwa Mtandao

Jumatatu, alasiri. Mvua nyembamba, ile ya hapa Brussels isiyoamua kama inanyesha au inaacha. Nimerudi kutoka zamu ya asubuhi kule Jette, soksi zimelowa, chai imepoa mezani bila kuguswa, na tangu jana naona haya.

Si haya ya kuteleza mbele za watu. Hiyo nimeizoea, kwa barafu ya hapa nimeanguka mpaka nimejifunza kuanguka kwa heshima. Hii ni ile inayokungoja kwenye kioo unapopiga mswaki.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Blogu hii inasomwa na watu wachache, wengi wao binamu zangu, na binamu zangu ndio hasa wanaopaswa kujua.

Jana tulikuwa na mkutano. Kwa asiyetufahamu, sisi ni watu wa kaunti moja ya Kenya tunaoishi Ubelgiji. Tuna chama, tuna mwenyekiti, tuna fulana, na tuna maoni mengi kuhusu nyumbani kuliko watu wanaoishi nyumbani. Uchaguzi wa gavana unakaribia. Sisi tulio nje kura ya gavana hatuna. Tunaruhusiwa ya rais tu, basi. Lakini kila mmoja wetu ana mama au shangazi anayepiga simu kuuliza, sasa huku tumpe nani? Na sisi tunajibu. Tunajibu kwa sauti nzito ya mtu aliyeiona dunia, hata kama dunia yenyewe ni kituo cha basi, kazini, na duka la vyakula lililo karibu na nyumba.

Wagombea wanalijua hilo. Ndiyo maana wawili wenye nguvu walikubali kuzungumza nasi kwa video, wote kwa pamoja, katika mkutano mmoja.

Ukumbi tuliupata Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini, chumba cha nyuma cha saluni ya binamu yake Maman Espérance. Maman Espérance ni mwenzangu kazini, mtu wa Bukavu kule Kongo, makamo ya mama yangu mdogo. Pamoja tunaogesha wazee, tunawalisha, tunawasikiliza wakisimulia vita vyao. Jana alikuja kutukaangia samaki na makemba, yaani ndizi za kupika, akaweka jiko lake la umeme kando ya meza yangu kwa sababu soketi nzima ilikuwa moja tu. Kumbukeni hiyo soketi.

Mimi ndiye niliyepewa kuongoza mkutano. Wanasema nina sauti ya redio. Kompyuta ilikuwa yangu, na aliye na kompyuta ndiye mwenye enzi: anaamua nani aingie, nani aonekane, nani asikike.

Mgombea wa kwanza tunamwita Injinia, na ndivyo alivyo kwa kazi. Alikuja amevaa koti la buluu, nyuma yake bendera na kabati la vitabu. Alituonyesha picha. Soko la ghorofa tatu lenye vioo. Uwanja wa michezo. Barabara yenye taa. Sitaki kumwonea: barabara ya kwenda kanisani kwa mama yangu aliijenga yeye alipokuwa mkuu wa ujenzi wa kaunti, na mpaka leo haina shimo. Mtu aliyekulia kwenye tope haisahau barabara kama hiyo. Alipoulizwa kuhusu uwanja ulioachwa nusu, alisema ni mkandarasi. Tukatikisa vichwa. Wakandarasi wabaya, kweli.

Mgombea wa pili tunamwita Mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu, kisha mwakilishi wadi wetu katika bunge la kaunti. Alitokea kwenye skrini akiwa jikoni kwake, taa moja, kuku akapita nyuma yake bila haraka. Watu ukumbini walicheka. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa mwenye mkutano.

Huyu Mwalimu ana sifa ya ukaidi. Bungeni alipiga kura kupinga uwanja huo huo, akasema maji kwanza, na wenzake wakamnunia mpaka muhula ukaisha. Haendi mazishini kugawa bahasha. Na mwaka ule wa mvua kubwa aliifunga shule yake bila kungoja ruhusa kutoka juu, kwa sababu mlima uliokuwa nyuma ya madarasa ulianza kutoa maji mahali ambapo haujawahi kutoa. Akaandikiwa barua ya onyo. Mlima ulipomomoka, ulilala juu ya madawati matupu.

Hayo yote nilikuwa nayajua kabla ya jana. Mpwa wangu alikuwa darasa la pili katika shule hiyo.

Ajabu ni kwamba sikuwahi kuyaweka kwenye mizani. Nilipokuwa nikijiuliza nani anafaa kuwa gavana, nilitazama nani anaongea vizuri, nani amevaa, nani akisimama na mabalozi hatatutia aibu. Uamuzi wa mtu siku mlima unapotoa maji, huo niliuacha nje kama viatu vyenye tope.

Ukaja wakati wa soko. Mwalimu alisema hatajenga ghorofa. Atatengeneza mitaro, ataezeka paa, atajenga vyoo, na wanawake wanaouza watabaki chini pale pale walipo. Mwenyekiti wetu aliguna kwa sauti. Mwalimu akamsikia, akasema, 'Mnunuzi wa nyanya hapandi ngazi, mheshimiwa. Ananunua kwa wa kwanza atakayemkuta chini. Wa ghorofa ya tatu atakula nyanya zake mwenyewe.'

Kisha akatuambia tena, kwa upole kuliko nilivyotarajia, 'Nyinyi hamna kura hapa. Lakini mama zenu wanazo, na wanawasikiliza. Ndiyo maana nimekuja.'

Hapo ilikuwa zamu yangu kuuliza swali la mwisho, lile ambalo kamati ilikubaliana: mtatufanyia nini sisi wanadiaspora?

Injinia alijibu kwa tabasamu. Ofisi ya diaspora kwenye makao makuu ya kaunti, na mtaa mzima wa viwanja kwa ajili yetu, wenye maji na lami. Makofi yakajaa chumba, mpaka wasusi upande wa mbele wakachungulia.

Mwalimu hakutabasamu. Alisema, 'Mimi sina kiwanja cha kuwapa. Na hicho mnachoahidiwa, ardhi hiyo ina watu. Kabla hamjapiga makofi waulizeni mama zenu kama wanajua kwamba mtaa huo utajengwa juu ya—'

Nikabonyeza.

Nilimzima sauti. Kitufe kidogo, alama ya kipaza sauti, mstari mwekundu ukapita juu yake. Kisha nikasema, kwa ile sauti yangu ya redio, 'Ndugu zangu, samahani, naona mtandao umetukatikia upande wa Mwalimu. Tutajaribu tena.'

Sikujaribu tena.

Nilimshukuru Injinia, nikafunga mkutano, watu wakaamkia samaki.

Sasa, kwa nini? Nimejitafutia majibu ya kistaarabu tangu jana. Muda ulikuwa umeisha. Mkutano ungeharibika. Yote ni maneno tu. Ukweli ni kwamba nilijua anakwenda kusema nini, kwa sababu mchoro wa mtaa huo niliuona kabla ya wenzangu.

Mtu wa Injinia alinitumia wiki mbili zilizopita, kwa siri, kama mtu wa karibu. Michoro mizuri: nyumba nyeupe, maua, mtoto anaendesha baiskeli. Lakini aliyechora alisahau kufuta kitu kimoja. Kwenye kona kulikuwa na tangi la maji la zamani, lenye mguu mmoja uliopinda. Hakuna tangi jingine duniani lenye mguu kama ule. Lori la ndizi liliugonga nikiwa mtoto, na mimi nilikuwepo.

Ni tangi la sokoni. Mtaa wa diaspora ni soko letu, likishahamishiwa kwenye ghorofa huko nje ya mji.

Nililitambua papo hapo. Na nikafanya nini? Nilichagua kiwanja. Nilichagua cha kona, karibu na tangi, nikijisemea kwamba maji yatakuwa karibu.

Nyuma ya tangi hilo ndipo kilipo kibanda cha mama yangu.

Hapo ndipo alipouza ndizi na nyanya miaka yote. Hapo nilifanyia kazi za shule, daftari juu ya gunia. Nauli yangu ya kuja huku ilitoka hapo. Na mimi nikiwa kwenye treni, natoka Gare du Nord, nimepata kiti kwa bahati, nilikuza picha kwa vidole viwili nikajiwazia nyumba nyeupe. Nilijiambia mama amezeeka, atapumzika, nitamjengea chumba chake. Sikumuuliza kama anataka kupumzika.

Kuna lingine, na hili nalo nilitoe, maana mficha uchi hazai. Injinia mwenyewe aliniambia kwa simu, 'Dada, tukiingia ofisini tutahitaji watu kama wewe.' Ni maneno hayo tu. Lakini mimi niliyachukua, nikayapikia, nikayaandalia meza. Nilishajiona mshauri wa gavana, natoka kwenye gari lenye dereva. Mimi niliyevaa glovu asubuhi hii kumbadilisha mzee shuka.

Najionea aibu. Naandika hivyo wazi kwa sababu sina neno jingine.

Jana jioni mama alituma ujumbe wa sauti. Lazima nieleze kitu kuhusu ujumbe wa sauti kwetu. Simu ya mama husikilizwa na watu wote. Ujumbe ukitoka ng'ambo anaiweka simu juu ya ndizi, anaongeza sauti mpaka mwisho, na wanawake wa chama chake wanasogea. Nikisema nina mafua, wiki inayofuata naletewa salamu za pole na watu nisiowajua. Na mkutano wa jana waliutazama hivyo hivyo, nyumbani kwa mama, simu imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai.

Sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema nimependeza, ila nimekonda. Kisha akasema Mama Mghoi, jirani yake wa sokoni, alileta maneno: ati kama ni mtandao, mbona picha haikukwama, mbona mdomo wa Mwalimu uliendelea kwenda? Mama akamkatiza mbele ya wote. Namnukuu, kwa sababu nimeyasikiliza mpaka nimeyahifadhi.

'Nimewaambia, binti yangu akisema ni mtandao, ni mtandao. Na kama si mtandao, mimi nitafunga kibanda changu. Sasa sikiliza, mwanangu. Tumekubaliana tukungojee wewe. Jumanne ni soko, tutakuwa wote. Wewe umewasikia wote wawili kwa karibu. Tuambie tumpe nani.'

Nikaweka simu chini, kioo kikiangalia meza.

Leo asubuhi kazini nilijikaza kisabuni. Niliongea sana, nikacheka na wazee, nikatandika vitanda ambavyo si vyangu. Maman Espérance alinitazama tu. Wakati wa kahawa alikaa mbele yangu, akakoroga sukari kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kwetu ni kweli raia wa kawaida ndiye anayechagua gavana. Nikasema ndiyo.

'Kwetu ni badéputés njo banamuchagua,' akasema, yaani wabunge wao ndio humchagua. 'Siye tunaangaliaka tu. Alors ninyi munapewa kura mu mukono, na unafunga muntu kinywa?'

Nikaanza kumweleza habari za mtandao. Hata sijui kwa nini nilianza. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilitaka kuikimbia yote.

Akanigusa mkono. 'Dada, jiko yangu ilikuwa pale. Mi sikuona réseau. Niliona kidole yako.'

Alimaliza kahawa yake, akaosha kikombe chake, akaosha na changu. Ningependelea anigombeze.

Kwenye basi la kurudi nilifikiria njia zote za kutoka humu bila kulowa. Ningeweza kumjibu mama, 'Mpeni yeyote, Mungu atawaongoza,' nikajitoa. Ningeweza kusema mpeni Mwalimu, bila kueleza, nikajifanya nimepima hoja. Hilo lilinivutia sana, kusema kweli. Ningemsaidia Mwalimu na kubaki msafi. Lakini wakimchagua kwa neno langu, watakuwa wamefanya kile kile tulichokuwa tunafanya na Injinia: kumfuata anayesikika vizuri. Na siku Mwalimu naye akifanya kosa, maana atafanya, ni mtu, hawatajua walimchagulia nini.

Wanahitaji kusikia soko limepangiwa nini, mitaro au nyumba nyeupe, na kila mgombea anataka lipi. Mengine wanayajua kuliko mimi. Wao ndio waliokuwepo mlima ulipomomoka.

Tatizo ni moja tu. Kumwambia mama ni kuwaambia wote. Na mama ameapa mbele ya wote.

Nimerekodi ujumbe. Nimeufuta. Nimerekodi mwingine, nikajikuta nimeanza na salamu ndefu, hali ya hewa, mafua. Nikaufuta. Nimesimama dirishani kidogo. Chini kuna mwanamke anagombana na mwavuli wake.

Nimekaa tena. Nimesema, 'Mama, haikuwa mtandao. Nilimzima Mwalimu mimi, kwa mkono wangu. Mtandao haukuwa na kosa. Usifunge kibanda. Naomba unisamehe, na wenzako wanisamehe.'

Nimetuma kabla ya kujisikiliza.

Umepita muda. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Amejibu.

Nilidhani nitasikia wanawake wa chama wamemzunguka, vicheko, Mama Mghoi akisema si niliwaambia. Lakini ni nyumbani, kuna utulivu, mbuzi mmoja analia mbali. Mama amesikiliza peke yake. Sijui alijuaje kwamba huu ni wa kusikiliza peke yake.

'Nilijua,' amesema. 'Wewe ukidanganya unajishika sikio, tangu mdogo. Jana ulishika sikio, mimi nikakuona. Lakini ningesema nini mbele ya watu, mwanangu? Wewe ni wangu.'

Nikadhani amemaliza. Nikawa naanza kulia, ile ya nafuu, ya mtu aliyesamehewa mapema mno.

Hakuwa amemaliza.

'Haya. Sasa niambie. Yule Mwalimu alikuwa anasema nini?'

Nimeusikiliza tena na tena, na kila nikifika hapo naurudisha mwanzo. Nilidhani kubonyeza kitufe ndiyo aibu yenyewe, kumbe ilikuwa mlango tu. Mama alijua nimedanganya, akaniapia hata hivyo, akaweka kibanda chake rehani kwa ajili yangu. Na kibanda hicho hicho, mimi nilikuwa nimeshakichorea ua.

Injinia amenitumia ujumbe mchana huu wa kunishukuru kwa kuongoza vizuri. Ameweka alama ya mikono iliyokunjwa. Nimemjibu kwamba kiwanja sikitaki tena, wala kazi, na kwamba mchoro nitawaonyesha watu. Hajajibu. Nadhani sitakuwa mshauri wa mtu. Mwalimu nitamwandikia pia, lakini baadaye. Huyo nina haya naye kwa namna nyingine, ya mwanafunzi.

Mwenyekiti wetu hajui lolote bado. Akisoma hapa, atajua. Fulana nitairudisha.

Sasa nimefungua simu na kidole kiko tayari kurekodi. Nitamwambia mama habari za tangi lenye mguu uliopinda, na nyumba nyeupe, na kiwanja cha kona, na nani alikichagua. Nitamwambia Injinia anataka nini na soko, na Mwalimu anataka nini. Tumpe nani, hilo sitalijibu. Nimeshasema vya kutosha juu ya hilo kwa kidole kimoja.

Na nitamwomba asisikilize huu peke yake.

Kesho ni soko. Ataiweka simu juu ya ndizi, ataongeza sauti mpaka mwisho, na Mama Mghoi atasogea awe wa mbele.